Hiace iliyogeuzwa nyumba ya wastaafu wawili: inavyokwenda na inavyorudi Dodoma

Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60. Kwa mji wenye wizara kama Dodoma, maana yake ni kwamba kila mwaka wanaingia mtaani watu wenye mkupuo mkononi, nguvu bado zipo, watoto wametawanyika Mbeya, Arusha na Mwanza, na wana hamu ya kuiona kwa macho nchi waliyoihudumia kwa mafaili. Wengi hujenga vyumba vya kupangisha au kununua ng'ombe. Wachache huulizia gari la kulala.

Tathmini hii ni ya hao wachache: mzee na mama, wawili tu, safari ya wiki kadhaa isiyo na haraka wala bili ya chumba kila usiku, halafu kurudi nyumbani bila kuvutwa na brekdauni. Gari tunalolipima ni Toyota Hiace ya toleo la H200, lililoanza kutoka kiwandani 2004, yenye bodi ndefu, pana na paa la juu, iliyotolewa viti na kufungwa vitanda, jiko na sola na mafundi wetu hawa hawa wa mbao na wa umeme wa magari. Si karavani ya kiwandani.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa wazee wawili hili ndilo gari linalofaa, kuliko Land Cruiser yenye hema juu ya paa na kuliko karavani ya kukokota. Lakini kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyapuuza, nayo ni uzito na vumbi. Joto la Dodoma linalalamikiwa na kila mtu, ila joto halijawahi kulegeza bolti. Na kazi ya fundi haipimwi siku ya kukabidhiwa gari linalonukia vanishi. Inapimwa kwenye kilometa mia tatu za mwisho za kurudi, pale droo zinapoanza kufunguka zenyewe kwenye kona na shuka zina rangi ya barabara.

Kwa nini si hema la juu, wala karavani

Hema la juu ya paa linapendeza kwenye picha za watalii. Mzee mwenye tezi dume anayeamka mara tatu usiku atashuka ngazi ya mita mbili hivi mara tatu, gizani, na magoti yake yale yale. Hapo hakuna mjadala.

Karavani ya kukokota ina raha ya nafasi, ila hapa kwetu inakupa kazi ya pili. Kuirudisha nyuma kwenye geti la lodge kunahitaji mazoezi, kila tuta inalivuka kivyake baada ya gari kuvuka, na ikifa beringi au breki yake ukiwa Katesh hakuna duka lenye saizi hiyo. Hiace imebeba abiria nchi hii kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo spea zake zipo Kondoa, zipo Manyoni, zipo Makambako, pamoja na fundi anayeifahamu kwa kuisikiliza tu. Kwa wazee hiyo ni faida kubwa kuliko choo cha ndani.

Coaster ni nzuri kwa mtu mrefu, ina urefu wa karibu mita 7 na unasimama wima ndani, lakini inakula mafuta zaidi na mageti mengi ya nyumba za wageni haipiti. Noah ni ya kulala usiku mmoja wa dharura.

Vipimo vinavyoamua kila kitu

Usinunue Hiace nyembamba kwa sababu ni rahisi kupatikana. Bodi ya kawaida ina urefu wa mita 4.695 na upana wa nje mita 1.695, na ndani inabaki kama mita 1.54. Bodi ndefu na pana ina mita 5.38 kwa 1.88, paa lake lipo mita 2.285 kutoka chini, na upana wa ndani ni kama mita 1.73. Tofauti hiyo ya sentimita kumi na tisa ndiyo inayoamua kama mama atapita katikati ya vitanda au atamruka mzee.

Kimo cha ndani kwenye paa la juu ni kama mita 1.63. Ukitoa sakafu ya mbao na dari, inabaki mita 1.58 au pungufu. Mtu wa mita 1.75 atainama kila anaposimama humo, na baada ya wiki mbili mgongo utadai. Hii ndiyo kasoro kubwa ya gari hili na haina dawa ya bei rahisi. Kukata paa na kuchomelea jingine tumeona kukifanywa, na hatukushauri: paa hilo huvuja masika ya kwanza, na nguvu ya bodi inapungua. Dawa ni kuishi nje, chini ya turubai la mita 3 kwa 3 mbele ya mlango wa kusukuma, na kuingia ndani kwa kulala tu. Turubai lenyewe lifungwe kamba nne na lishushwe kila jioni. Upepo wa kati ya Julai na Septemba nyanda hizi haubishi hodi.

Mpangilio wa vitanda tunaoupendekeza unapingwa na kila fundi mbao, kwa kuwa yeye anafikiria kitanda kimoja kikubwa cha nyuma chenye makabati chini. Wazee wawili wanahitaji vitanda viwili vyembamba, kimoja kila upande, na njia katikati, ili anayekwenda msalani asimwamshe mwenzake. Hesabu yake ni hii: nunua godoro moja la futi 4 kwa 6 la inchi 5, likatwe katikati kwa urefu, upate mawili ya sentimita 61. Toa sentimita 122 kwenye 173, toa nyingine nne za kuta zilizowekwa povu la kuzuia joto, njia inabaki sentimita 47. Inapitika. Wanaotaka kulala pamoja wanakata ubao wa kuziba njia na kipande cha povu la kulalia juu yake. Kimo cha kitanda kiwe sentimita 45 hadi 50 kutoka sakafuni, kama kiti cha kawaida. Kikizidi hapo miguu inaning'inia, kikipungua goti bovu haliinuki.

Mlangoni weka kistepu cha kukunja na mshikio wa chuma uliofungwa kwenye nguzo ya bodi. Usifungwe kwenye plaiwudi. Mtu anauvuta kwa uzito wake wote, na skrubu ya mbao itang'oka siku ambayo ameshika ndoo kwa mkono mwingine.

Uzito, yaani mninga

Ukitoa viti vya abiria una nafasi ya mzigo kama tani moja, ikiwemo miili yenu wenyewe. Inaonekana nyingi. Sasa hesabu. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 12, futi 4 kwa 8, ni kilo 20 na kitu. Ya milimita 18 ni kilo 30 na kitu. Mbao za mninga za inchi moja kwa eneo hilo hilo zinazidi kilo 40, na fundi akishajua mteja ni mstaafu wa wizarani atakushauri mninga kwa heshima ya kazi. Ni mbao nzuri sana ya kitanda cha nyumbani. Kabati nzima ya mninga, vitanda viwili vya mninga na meza ya mninga vitakupeleka kilo 300 kabla hujaweka hata sufuria.

Ongeza maji lita 100, ambayo ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa na chuma chake unakaribia kilo 14. Friji, betri, sola, madumu, tairi la akiba, magunia ya vitunguu mliyonunua njiani. Gari linakaa nyuma, taa zinaangaza miti, breki zinachoka kwenye mteremko, na springi za nyuma zinalalia chini kwenye kila tuta.

Kwa hiyo: plaiwudi ya milimita 12 kwa fremu, ya 9 kwa milango ya makabati, kona zishikwe kwa vyuma vya pembe vya alumini. Kila kitu kizito kiwe mbele ya ekseli ya nyuma na chini, hasa maji. Viungo vinavyobeba uzito vifungwe kwa bolti na washa pana na nati zenye plastiki ndani, zile zisizorudi. Skrubu ibaki kwa mapambo. Barabara ya vumbi yenye mawimbi huigeuza skrubu kidogo kidogo mpaka inatoka yenyewe. Utaikuta kwenye kitanda. Baada ya fundi kumaliza, lipimwe gari likiwa limejaa maji, mafuta na watu wawili. Kwenye mizani ya mashine za kukoboa au maghala ya nafaka Kibaigwa watakupimia, ni kuomba tu.

Matairi yawe ya mzigo, yenye herufi C au LT baada ya saizi, na yawe mapya kwa tarehe, siyo kwa sura. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2223 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka sita linang'aa kama jipya na linapasuka saa nane mchana. Upepo ufuate kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upimwe asubuhi kabla gari halijatembea.

Injini ipi

Zinazopatikana zaidi ni dizeli ya 3.0, inayoitwa 1KD-FTV, na petroli ya 2.7, yaani 2TR-FE. Watu wengi watakuambia dizeli bila kufikiri. Ikiwa imebeba nyumba, dizeli hiyo huenda kilometa 9 hadi 10 kwa lita kwa mwendo wa 80, na petroli huenda 7 hadi 8. Mstaafu anayetembea kilometa 10,000 kwa mwaka atatumia lita kama 250 hadi 300 zaidi kwenye petroli. Ni pesa, ndiyo. Seti ya injekta nne za asili za 1KD, yaani vipulizia vya dizeli ndani ya injini, ni pesa nyingi zaidi.

Ugonjwa wa 1KD unajulikana kwa mafundi wote wa Prado na Hilux pia. Washa za shaba chini ya injekta huchoka, gesi ya mwako inapenya kwenda kwenye oili, oili inaganda kuwa masizi mazito, na masizi yanaziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Presha ya oili inashuka na injini inakwama. Dalili ni mlio wa kugonga asubuhi injini ikiwa ya baridi, kuwaka kwa shida, na oili inayokuwa lami muda mfupi baada ya kubadilishwa. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji sampo ishushwe chujio lionekane. Akikataa, mshukuru na uondoke. Tena 1KD ina mkanda wa taimingi wenye taa yake ya T-BELT kwenye dashibodi. Muulize ulibadilishwa lini, maana taa inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Petroli ya 2TR ina cheni. Kwa safari moja au mbili ndefu kwa mwaka, sisi tunachukua petroli.

Injini zote mbili zimekaa chini ya viti vya mbele. Kiti cha mama kitakuwa jiko mpaka mpira unaozunguka kifuniko cha injini ubadilishwe na mkeka wa kuzuia joto ubandikwe upande wa chini. Mpira huo ukiwa umekatika hauingizi joto peke yake, unaingiza na moshi.

Likiwa lilikuwa daladala, lina namba nyeupe za biashara. Anza TRA kulibadilisha liwe la binafsi lenye namba za njano kabla hujaanza kulitoboa, na mwambie wa bima kwamba ndani kuna vitanda na gesi. Ukificha, siku ya ajali yeye ndiye atakayekuambia.

Umeme, friji na dawa

Hapa ndipo wastaafu wanatofautiana na vijana wa kupiga kambi. Kijana friji ni ya bia. Kwa mzee mwenye kisukari friji ni ya insulini, na insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda hata mara moja, inatupwa. Friji za 12 V zenye kompresa zina ubavu mmoja unaoganda, na kipimajoto chake husoma sehemu moja tu. Weka dawa kwenye kontena la plastiki katikati, mbali na ubavu huo, na kipimajoto cha pili humo humo. Vidonge vya presha visikae kwenye dashibodi wala kwenye mfuko wa mlango; gari lililoegeshwa juani Bahi mchana linapita nyuzi 50 ndani.

Hesabu ya matumizi kwa siku moja ya joto: friji ya lita 45, wati-saa kama 480, feni mbili ndogo usiku kucha, 120, taa na simu, 80. Jumla 680. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma ya 12 V yenye amp-saa 100 inashika wati-saa 1,280 na ina uzito wa kilo kumi na kitu. Betri ya asidi ya ukubwa huo ni karibu kilo 30, na nusu yake tu ndiyo unayopaswa kutumia, kwa hiyo usiku wa pili wa mawingu inakufia. Paneli ya wati 200 juani kwetu inarudisha wati-saa 700 hadi 750 kwa siku, ikitosha kwa shida. Ukifika Mafinga au Mbeya wakati wa mvua, igawe kwa mbili.

Nusu inayobaki itoke kwenye oltaneta, kifaa cha injini kinachochaji betri, na hapa mafundi wa umeme wa magari huharibu. Wanaunganisha betri mbili kwa relei na waya mwembamba, basi. Betri ya lithiamu ikiwa tupu inavuta mkondo mkubwa bila kujizuia, oltaneta inachemka mpaka inaungua. Dai chaja ya betri hadi betri ya ampea 30, waya wa milimita za mraba 16, na fyuzi kila mwisho wa waya karibu na betri. Saa moja ya kuendesha inakupa wati-saa 350 na zaidi. Waya ukipita kwenye tundu la chuma uvishwe mpira. Gari linatikisika, chuma kinakata polepole, na moto wa umeme hauanzii pengine.

Gesi, maji na kile kisichosemwa mezani

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje, na liwe limezibwa lisiwasiliane na sehemu ya kulala. Mpira ubadilishwe kabla ya safari, na viungo vipakwe povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Jiko la plate mbili litolewe nje kupikia. Wanaolala Makambako mwezi wa Julai hushawishika kuingiza jiko la mkaa lipashe joto. Hapana kabisa. Moshi wake hauna harufu ya kuamsha mtu.

Maji: madumu matano ya lita 20 kwenye trei, na pampu ya kuzamisha ya 12 V inayohamishwa dumu kwa dumu. Tangi la kuchomelea chini ya gari linaonekana la kitaalamu mpaka tuta la kwanza. Dumu unaliona likiwa tupu, unaliosha, na likitoboka unanunua jingine sokoni.

Choo cha kubebeka chenye tangi la lita 20 kinawatosha wawili siku mbili au tatu. Dawa yake ya kemikali huua bakteria wa shimo la maji taka, kwa hiyo omba ruhusa unapolala na mwaga kwenye choo cha shimo. Njia yetu ya kienyeji ni ndoo yenye mfuniko na pumba za mpunga, kikombe kila baada ya matumizi. Haina harufu, na pumba ukipita Bahi unapewa bure.

Vumbi linaingia nyuma

Kila mtu huziba madirisha. Vumbi linaingia mlango wa nyuma. Hiace ni sanduku lililosimama wima. Likienda mwendo, hewa nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo na inavuta vumbi kulibandika mlangoni, nalo linatafuta tundu. Matundu ni mpira wa mlango uliolala, vipenyo vya hewa vyenye vifuniko laini nyuma ya paneli za pembeni, na vishimo vya kutolea maji chini ya mlango. Badilisha mpira, weka sponji ya chujio kwenye vipenyo, acha vishimo vya maji ila vivike kipande cha mpira kinachofunguka nje tu. Halafu kwenye barabara ya vumbi funga madirisha yote na washa feni ya gari namba tatu, ikivuta hewa ya nje. Hewa inayosukuma kutoka ndani inazuia vumbi kuliko gundi yoyote. Godoro livishwe kava la zipu hata hivyo.

Njia mbili za kulipima

Mzunguko wa kwanza ni wa Kanda ya Kati wenyewe: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida, Manyoni, kisha nyumbani. Ni kama kilometa 650, lami yote. Tangi la lita 70 la petroli halimalizi mzunguko huo, jaza Babati. Bei elekezi za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, anayeweza kusubiri siku moja asubiri. Lami ya Dodoma hadi Babati ni kilometa 251, ilizinduliwa 2018, na baada ya Kondoa kuna milima ya Kolo na Bereko inayoonyesha mapema kama rejeta yako imeziba kwa mbegu za nyasi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia 2006, inaanzia ofisi ya Kolo. Hiace ibaki hapo. Njia ya kupanda ni ya gari lililoinuka juu, na mwisho wake ni kutembea kwa miguu mlimani, mzee achukue fimbo.

Babati usilale ukingoni mwa ziwa. Viboko hutoka usiku kula nyasi na hawazunguki gari. Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,420, usiegeshe kwenye mkondo wa maji wakati wa mvua. Maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yalipita juu ya nyumba za matofali. Lodge yenye uzio hukubali gari lilale uani kwa bei ndogo kuliko ya chumba, na choo na bafu juu yake. Misheni pia. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni, salimia vizuri, omba kabla hujazima injini.

Njia ya pili ni Iringa, Makambako, Mbeya na kurudi. Kwenda ni rahisi. Kurudi ndiko kunakopima: kutoka Iringa unashuka Nyang'oro hadi Bwawa la Mtera, gari limejaa viazi na mchele wa Kyela, breki zina kilometa mia kadhaa za milima. Shuka na gia ya chini tangu juu, gia ile ile ambayo ungepandia. Otomatiki ondoa kwenye D. Ukinusa breki tayari umechelewa, simama nusu saa na usimwagie maji. Vivyo hivyo mteremko wa Saranda baada ya Manyoni, kwa wanaorudi kupitia Singida.

Jioni kabla ya siku ya kurudi, lala mahali penye taa na ukague kwa mkono. Kaza nati za magurudumu kwa mpangilio wa msalaba. Gusa katikati ya kila ringi baada ya kusimama. Moja likiwa la moto kuliko mengine matatu, beringi au breki imeshika. Tikisa kila kitanda, friji ivutwe mkanda wake, dumu zisizohitajika zimwagwe, kwa kuwa kilo 80 za maji hazina kazi ukienda nyumbani. Angalia paneli ya sola kwenye paa: bolti zake ndizo zinazosahaulika, na zikilegea paneli inaruka ikamfuate aliye nyuma yako. Samaki wa Mtera wafungwe nje ya friji ya dawa.

Likifika uani

Madumu yamwagwe na yaachwe wazi yakauke. Friji izimwe, mlango uachwe na upenyo. Betri ya lithiamu iachwe kwenye asilimia 50 hadi 60, sola izimwe, isikae imejaa miezi mitatu juani. Matairi yasimame juu ya mbao au saruji, siyo udongo, kwani mchwa wa Dodoma hupanda kwenye tairi hadi kwenye plaiwudi wakipewa muda. Panya hupenda waya mpya. Weka mtego chini ya kiti cha dereva na uukague kila wiki. Injini iwashwe na gari litembee kilometa kumi kila baada ya wiki mbili, kuunguruma tu uani hakutoshi kukausha eksozi wala kuzungusha breki.

Viti vya asili, mikanda yake na bolti zake vihifadhiwe stoo vikiwa vimefunikwa. Siku mkitaka kuliuza, mnunuzi wa kwanza atakuwa mtu wa daladala, na kwa viti kamili anaongeza dau. Bila viti atakukatia bei ya seti nzima na bado atalalamikia matundu ya sakafuni.